Jim Ross, Mtangazaji Aliyesikika Hadi Mabatini

Mtaje Undertaker mbele ya watu wa rika langu hapa Mwanza, uone watakavyochangamka. Watakuonyesha alivyokuwa akigeuza macho yakabaki meupe. Mtaje Stone Cold Steve Austin, watakuigizia alivyogonganisha makopo ya bia akiwa juu ya kamba za ulingo. Mtaje The Rock, nyusi moja itapanda. Halafu mtaje Jim Ross. Atakayejitahidi sana atauliza kama naye alikuwa mwanamieleka.

Hilo linaniuma, kwa sababu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, karibu kila pambano kubwa la WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani, tulilolitazama lilifika masikioni mwetu kwa mdomo wa mtu huyo. Mimi naishi kwa kipaza sauti. Nimetangaza redioni hapa jijini, nimesherehesha harusi Nyakato na mabonanza Nyamagana, na hadi leo nikitaka kujikumbusha kazi hii inafanywaje, nawasha pambano la zamani, nafumba macho, namsikiliza yeye. Kwa hiyo leo nimweleze kwa urefu, bila haraka.

Kwanza nieleze alivyotufikia.

Banda letu la video lilikuwa Mabatini: kuta za mabanzi, paa la bati, mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni imefungiwa ndani ya nondo isije ikaondoka na mtu. Mikanda ya mieleka ilikuja kutoka Nairobi na Kampala, nakala iliyotolewa kwenye nakala nyingine, rangi zimefifia hadi damu inaonekana kama chai. Sauti ndiyo iliyobaki hai. Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani, na Kiingereza cha Oklahoma hakikupita darasani kwetu. Mwenye banda, ambaye alijua biashara yake, akamweka kijana mmoja mwenye kipaza sauti na spika ndogo atutafsirie. Tulimwita DJ, kama walivyoitwa wote wa kazi ile. Wakati huo hatujaanza kumsikia Lufufu akituletea filamu nzima kwa Kiswahili. Kila banda lilikuwa na DJ wake, na sifa ya banda ilikuwa ni DJ huyo.

DJ wetu alikuwa na tabia moja. Alipunguza sauti ya mkanda lakini hakuizima. Alikuwa anazungumza juu yake, akipanda nayo, akishuka nayo. Watu wengine walilalamika kwamba sauti mbili zinawachanganya. Hakubadilika. Siku moja nilibaki nyuma wakati watu wanatoka, nikamuuliza.

"Kaka, yule mzee wa kofia huwa anasema nini hasa?"

"Mdogo wangu, mengine siyapati. Namsikiliza anavyopumua. Akishusha sauti, najua kuna kitu kinakuja, nami nawashushia ninyi. Akipaza, napaza. Huyo mzee hadanganyi."

Mzee wa kofia ndiye Jim Ross, aliyejulikana kwa kofia yake nyeusi ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Na neno lile la DJ, kwamba huyo mzee hadanganyi, nimelibeba miaka yote hii, kwa sababu lilisemwa kuhusu mtu aliyetangaza mchezo ambao mshindi wake hupangwa kabla. Makala hii yote ni jaribio langu la kueleza kwa nini DJ alikuwa sahihi.

Jim Ross alizaliwa Januari 3, 1952, Fort Bragg, California, lakini ni mtoto wa Oklahoma. Alikulia Westville, mji mdogo wa mashambani. Hakuingia kwenye mieleka kupitia kipaza sauti. Miaka ya 1970 alikuwa refa, alikuwa dereva, alifanya kila kazi ndogo ambayo mtu mwingine hakuitaka. Enzi hizo mieleka ya Marekani ilikuwa imegawanywa kwa maeneo, kila eneo na bosi wake, na wanamieleka walizunguka kwa magari kutoka mji hadi mji usiku kucha. Bosi wa Ross aliitwa Leroy McGuirk. McGuirk mwenyewe alikuwa bingwa wa mieleka enzi zake, lakini alipoteza kuona baada ya ajali ya gari. Ross alikuwa akimwendesha.

Hapa huwa nasimama kila nikimfikiria Ross. Kijana wa miaka ishirini na kitu yuko kwenye usukani, pembeni yake ameketi mzee aliyeijua mieleka ndani na nje lakini hawezi tena kuiona. Mtu kama huyo hutamdanganya kwa kelele. Ukimwambia "pambano lilikuwa kali", atataka kujua kali vipi: nani alianza, alimshika wapi, mguu gani ulikuwa unachechemea, watu walisimama saa ngapi. Sitamwekea Ross maneno mdomoni kuhusu safari zile, ila mimi kwa kumsikiliza naamini kazi yake yote iliyofuata aliifanya kana kwamba McGuirk yupo kwenye kiti cha pembeni.

Sisi tuliokulia kwenye Redio Tanzania tunaielewa shule hiyo. Ahmed Jongo na Charles Hilary walipotangaza mpira kutoka Dar es Salaam, mzee aliyeketi zizini kwa ng'ombe wake Misungwi alijua mpira uko upande gani wa uwanja na nani anakimbia bila mpira. Huo ndio utangazaji. Televisheni imewalegeza wengi. Mtangazaji anaona kwamba mtazamaji anaona, basi anaacha kueleza, anabaki kupiga makelele tangu dakika ya kwanza, na goli likija hana tena mahali pa kupanda. Ross hakuwa hivyo. Aliipandisha sauti yake kwa ngazi, na ngazi ya mwisho aliiweka akiba hata mwezi mzima.

Eneo la McGuirk baadaye likashikwa na Bill Watts, likaitwa Mid-South, likitembea Oklahoma, Louisiana, Mississippi na Arkansas. Watts alitaka mieleka itangazwe kama mchezo mwingine wowote wa ushindani, na ndipo Ross alipokomaa. Kila mwanamieleka aliyepanda ulingoni, Ross alikuambia anatoka wapi, ana uzito gani, alicheza mpira wa Kimarekani katika chuo gani. Hili la vyuo alilirudia kupita kiasi, watu wakamcheka, naye akaendelea. Nafikiri alijua anachofanya. Mtu mwenye kijiji, chuo na bega lililowahi kuvunjika ni mtu. Akianguka, kimeanguka kitu chenye thamani. Asiye na historia ni mwili tu unaorushwa.

Mwaka 1987 kampuni ya Watts ikauzwa kwa Jim Crockett, mwaka uliofuata ya Crockett ikanunuliwa na Ted Turner ikawa WCW, na Ross akavuka pamoja na mali. Mwaka 1993 akaenda WWF ya Vince McMahon. Siku yake ya kwanza kule ilikuwa WrestleMania IX, onyesho kubwa la kampuni hiyo la kila mwaka, Aprili 4, katika uwanja wa wazi wa Caesars Palace, Las Vegas. Onyesho zima lilivalishwa sura ya Roma ya kale, na huyu mtu wa Oklahoma aliyezoea suti akafungwa shuka jeupe lubega, begani, mbele ya dunia. Nimelitazama onyesho lile mara nyingi. Anatangaza kana kwamba suti yake iko mwilini. Hajibaragui wala haombi radhi kwa vazi lake. Anakuambia mguu gani umeshikwa.

Watu wanaoanza kazi hii huniuliza juu ya meza ya mieleka, nani hufanya nini. Kwa kawaida wapo wawili. Mmoja ni mtangazaji, anayesimulia kinachotokea. Wa pili ni mchambuzi, na kwenye mieleka mchambuzi mara nyingi huwa upande wa adui. Ndivyo alivyokuwa Bobby Heenan, ndivyo alivyokuwa Jesse Ventura, na ndivyo alivyokuwa Jerry Lawler alipokaa na Ross katika miaka yetu ile. Adui akimpiga stelingi kiti cha mgongoni refa akiwa amegeuka, Lawler anacheka na kumtetea. Ross anakasirika. Mabishano yao ndiyo yaliyotuambia sisi wa kwenye mabenchi wapi pa kuweka moyo. Na masikioni mwao, kupitia hedifoni, kulikuwa na sauti ya tatu ambayo mtazamaji haisikii: McMahon au prodyuza, akitoa maagizo, akikemea, akitaka hiki kitajwe na kile kiachwe, wakati pambano linaendelea. Jaribu siku moja kusimulia jambo huku mtu anakugombeza sikioni. Ross alifanya hivyo miaka mingi, na huwezi kuusikia mshono.

Kitu kingine alichokipenda: kutojua mno. Alikuwa kiongozi mkubwa ndani ya kampuni, mkuu wa ajira za wanamieleka, angeweza kuambiwa kila kitu. Lakini mezani alipendelea mambo yamkute, ili mshtuko wake uwe mshtuko.

Sasa twende Pittsburgh, Juni 28, 1998.

Undertaker na Mick Foley, aliyeitwa Mankind, walipangiwa kupigana ndani ya kizimba cha wavu wa chuma, chenye paa, kimo chake kiasi cha mita tano. Wao wakaanzia juu ya paa. Foley alikuwa mtu wa Ross kwa maana halisi: Ross ndiye aliyemsukumia mlango aajiriwe wakati McMahon hakuvutiwa naye. Dakika chache tu, Undertaker anamshika Foley na kumtupa kutoka juu ya kizimba. Foley anapita hewani, anaiangukia meza ya watangazaji wa Kihispania, meza inasambaratika.

Ross akapaza sauti kwamba wamemuua. Akamwita Mungu awe shahidi wake kwamba mtu yule amekatika vipande viwili.

Banda zima lilisimama. Watu wazima, wavuvi waliorudi Mwaloni asubuhi na kulala mchana, wapiga debe wa stendi, wote wima. Foley akawekwa kwenye machela. Akainuka kwenye machela. Akapanda tena kizimba. Na Undertaker, ambaye usiku ule alikuwa na mguu ulioumia, akampandia, akamkaba na kumbamiza juu ya paa, na paa likaachia. Foley akaanguka tena, safari hii hadi ulingoni, kiti kikamfuata usoni, jino likamtoka.

Sikiliza tofauti ya sauti, nakuomba. Anguko la kwanza Foley mwenyewe alilitaka na alilipanga. Ross hakujua, na alipiga ukelele wa mtu aliyeona ajabu. Anguko la pili hakuna aliyelipanga. Wavu ulipokatika, sauti ya Ross ikageuka. Haikupanda. Ilianza kuomba. Alikuwa anataka mtu, yeyote, asimamishe pambano. Aliacha kabisa kuuza onyesho. Alikuwa mwajiri anayemtazama mtu wake akifa. DJ wetu, aliyekuwa hajawahi kukaa kimya kwa zaidi ya pumzi mbili, aliweka kipaza sauti chini, akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya televisheni. Kwa mara ya kwanza tulimsikia mzee wa kofia bila mkalimani, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Nami huiwaza sana ile meza iliyovunjika. Wahispania walikuwa na meza. Walikuwa wamekaa palepale, hatua chache kutoka kwenye ulingo, wanawaambia watu wao kwa lugha yao. Sisi mtangazaji wetu alikuwa Mabatini, na mshahara wake ulikuwa sehemu ya kiingilio chetu.

Najua hoja inayokuja, kwa sababu ilikuwapo bandani kila siku: yale ni maigizo. Kuna mzee mmoja alikuwa anapita mlangoni kila jioni kutuambia hivyo, na hakukosea kuhusu matokeo. Mshindi hupangwa. Lakini sisi watu wa Kanda ya Ziwa tusijifanye wageni wa jambo hili. Kila mwaka kwenye Bulabo, sikukuu ya Wasukuma pale Bujora, vyama vya Bagika na Bagalu vinashindana kwa ngoma, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi upande wake. Kila mmoja uwanjani anajua kwamba manju ameandaa nyimbo zake, ameandaa vituko vyake, na nyoka ameletwa kwenye boksi. Hakuna anayeondoka akisema amedanganywa. Jasho ni jasho, nyoka ni nyoka, na aliyevuta watu amewavuta kweli. Mwili wa Foley uliangukia meza ya kweli. Kazi ya Ross ilikuwa kuusemea mwili huo. Matokeo yalikuwa ya waandishi. Maumivu yalikuwa ya mtu, na Ross hakuwahi kuyapunja wala kuyapamba.

Hicho ndicho alichokuwa anakiweka akiba. Imani ya msikilizaji. Na siku ya kuitoa yote ilikuwa inakuja.

Kabla ya siku hiyo, uso wake ulimgeuka. Mwaka 1994 aliugua ugonjwa wa kupooza upande mmoja wa uso. Mwaka huohuo akaachwa kazi, baadaye akarudishwa. Desemba 1998, akiwa kazini London, ukampiga tena, karibu na wakati alipofiwa na mama yake. Fikiria maana yake kwa mtu wa televisheni. Mdomo unavutwa upande mmoja, jicho halifumbi vizuri, herufi nyingine hazitoki. Michael Cole, kijana aliyetokea kwenye uandishi wa habari wa redio, akakaa kwenye kiti chake. Ross akarudi Machi 28, 1999, Philadelphia, kwenye WrestleMania XV, kutangaza pambano la kufunga usiku ule, Austin na The Rock. Watu wakasimama kumpokea. Mdomo ulikuwa bado haujanyooka. Sauti ilikuwa ileile.

Haikupita miezi miwili.

Mei 23, 1999, Kansas City, ukumbi wa Kemper Arena. Owen Hart, mwanamieleka wa Kanada, wa ukoo wa mieleka, miaka 34, alikuwa ashushwe kwa kamba kutoka darini hadi ulingoni kama kionjo cha kuingia. Kifungo kikaachia. Akaanguka zaidi ya mita ishirini. Watazamaji wa televisheni hawakuona, kwa sababu wakati ule ilikuwa inapita video iliyorekodiwa. Picha iliporudi, kamera ziligeuziwa watu waliokaa ukumbini, na Ross akabaki na kazi ya kusema.

Alisema hii si sehemu ya burudani. Alisema ni jambo la kweli kabisa. Alirudia, kwa sababu alijua anaowaambia ni watu ambao kwa miaka mingi wameambiwa na yeye mwenyewe kwamba fulani ameuawa, fulani amevunjwa. Baadaye usiku uleule, kupitia hedifoni, akaambiwa kwamba Owen Hart amefariki na kwamba sekunde chache zijazo yeye ndiye atakayewaambia watu. Hakupewa karatasi wala muda wa kuandika. Akawaambia. Sauti haikupanda hata ngazi moja. Hakumwita Mungu awe shahidi. Alitaja jina, akasema amefariki, akasema ana majonzi kuwaambia hivyo. Onyesho likaendelea, uamuzi ambao hadi leo naona haukustahili, na Ross akaendelea kutangaza mapambano yaliyobaki kwa sauti ya mtu anayebeba jeneza.

Miezi kumi na moja kabla, Pittsburgh, alipiga ukelele kwamba mtu ameuawa, na mtu akainuka. Kansas City alisema mtu amekufa, kwa sauti ya chini, na watu waliamini. Hapo ndipo niliposhika maana ya neno la DJ. Kama Ross angekuwa mtu wa kutia chumvi kila Jumatatu, siku ya kipindi chao cha kila wiki, usiku ule asingekuwa na sauti ya kutumia.

Mimi nilikuwa mtoto MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, ikitoka Bukoba, haijafika bandari yetu. Mamia ya watu. Ninayoikumbuka ni redio ya nyumbani iliyowekwa dirishani ili majirani wasikie. Sauti zilezile tulizozizoea kwa mpira na salamu za wasikilizaji zikawa zinasoma habari za miili, za waliopatikana, baadaye za mazishi ya Igoma. Mama alisema watu wale wanasoma vizuri. Hakumaanisha matamshi. Alimaanisha kwamba hawaharakishi, hawalii kwa niaba yetu, na jina la mtu likitajwa linapewa nafasi yake. Mtangazaji wa burudani hupaswa kujua kwamba siku hiyo inaweza kumkuta mezani. Haitampigia hodi.

Mengine ya Ross nitayapita haraka. Aprili 1, 2001, Houston, alitangaza Austin, rafiki yake wa kweli, akishirikiana na adui yake McMahon ili ampige The Rock. Masikitiko ya Ross usiku ule ndiyo yaliyowafundisha watazamaji wamwone Austin kama msaliti, maana ukumbi wenyewe ulikuwa bado unamshangilia. Mwaka 2007 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa WWE, jina jipya la WWF. Mwaka 2019 alihamia AEW, kampuni mpya, akiwa na umri ambao wengi wameshastaafu.

Ila la mwaka 2017 siwezi kulipita. Machi mwaka huo mke wake, Jan, aligongwa na gari akiwa kwenye pikipiki yake ndogo, akafariki. Aprili 2, hata wiki mbili hazijatimia, Ross alitembea hadi mezani Orlando, kwenye WrestleMania 33, kutangaza pambano la Undertaker na Roman Reigns. Wako watakaosema alipaswa kubaki nyumbani na msiba. Kwetu tungemkalisha chini, tungempokea mizigo yote, angekula kwa kulazimishwa na shangazi zake. Lakini nimelisikiliza pambano lile. Anapomtaja Undertaker, mtu ambaye ametangaza mapambano yake kwa miaka zaidi ya ishirini, anamtaja kwa namna ambayo mtu hutaja jina la aliyebaki.

Nimeandika haya sasa kwa sababu ya kitu kinachotokea ng'ambo ya ziwa. Mukono, Uganda, vijana wanaojiita Soft Ground Wrestling wanacheza mieleka kwenye ulingo wa miti na kamba, chini ni tope badala ya turubai, na tangu mwaka 2023 video zao zimezunguka dunia nzima. Wanaruka kutoka juu ya nguzo na kuangukia matope. Nikizitazama naona miili inayojua kazi yake, na nasikia pengo. Miruko hiyo inastahili mtu wa kuisemea kwa lugha inayoeleweka kutoka Mwanza hadi Kisumu, mtu atakayetuambia kijana huyu anatoka mtaa gani, bega lake liliumia lini, na kwa nini yule mwenye bukta nyekundu ana kisirani naye tangu mwezi jana. Kazi hiyo ipo na haina mwenyewe. Ni ajira.

Dada mmoja anayesoma uandishi wa habari pale Malimbe alinisikia nikiyasema haya kwenye semina, akanitumia sauti yake kwenye WhatsApp: amechukua video ya Mukono, ameitangaza kwa Kiswahili dakika nne. "Shikamoo kaka, naomba unikosoe bila huruma." Nimemkosoa. Sauti nzuri, pumzi nzuri, lakini ameanza juu na hakupata pa kwenda, na hakunitajia hata mara moja refa yuko wapi. Ametaja "hatari" mara nyingi kuliko alivyotaja mikono na miguu. Sehemu moja tu, mwanamieleka alipoteleza bila kutarajia, alishusha sauti bila kujua. Nimemwambia ile sehemu aisikilize peke yake, kisha aitangaze video yote upya.

Amekubali, na ameleta wenzake. Jumamosi jioni tunakutana Mkolani, kwenye ukumbi ambao mwenyewe ametupa bila malipo. Tutaweka pambano la Pittsburgh bila sauti, kila mmoja atakaa mezani na hedifoni, nami nitakuwa namsemesha sikioni ovyoovyo kama prodyuza mwenye haraka. Wakimaliza wote tutarudisha mkanda mwanzo na kuwasha sauti ya Ross. Anayetaka kuja aje na daftari, viti vipo.